Jamhuri ya Roma Haikuanguka kwa Ugomvi wa Kamari

Wasomaji, hoja za watetezi wa tamthilia ya Rome mmezisikia. Ni ile ya HBO na BBC, iliyooneshwa kati ya mwaka 2005 na 2007, sehemu 22, na kupigwa picha Cinecittà katika jiji la Roma lenyewe. Wanasema hakuna tamthilia iliyowahi kueleza vita vya madaraka vya Warumi kwa ukweli kama huo, na kwamba inafaa hata darasani. Mitaa yake, miungu yake, watumwa wake na yule mpiga mbiu wa sokoni, hayo nayakubali bila ubishi. Mengine naomba muyapime wenyewe.

Wanaanza na Titus Pullo na Lucius Vorenus. Wanasema watu hawa waliishi kweli, Julius Caesar mwenyewe kawataja. Naam, kawataja, katika kitabu cha tano cha habari za vita vyake vya Galia. Lakini kasema nini? Mwaka ni 54 K.K., kambi ya Quintus Cicero imezingirwa na Wanervi. Maakida wawili wanaoshindania vyeo siku zote wanatoka nje ya boma, kila mmoja akitaka kumpita mwenzake kwa ushujaa. Mkuki unapenya ngao ya Pullo, ala inageuka asiweze kuuchomoa upanga, na Vorenus anamkimbilia. Punde Vorenus naye anaanguka shimoni, Pullo anamwokoa. Wanarudi kambini wakiwa hai, na kitabu hicho hakiwataji tena. Tamthilia imemvua Pullo uakida, ikampa kazi ya kumuua msemaji Cicero, ndugu wa Quintus, ikamfanya hata baba wa mtoto wa Cleopatra. Majina mawili ya kweli hayawezi kubeba uzushi wote huo.

Hoja ya pili ndiyo nzito: eti tamthilia inatuonesha jinsi Jamhuri ilivyoanguka. Ikumbukeni sehemu ya pili ya msimu wa kwanza. Antony, tribuni wa upande wa Caesar, yuko njiani kwenda kupiga kura ya turufu ili kuzuia azimio dhidi ya Caesar. Mtu mwenye kisasi na Pullo, kisasi kilichotokana na kamari, anamrukia Pullo, vurugu zinalipuka, Antony hafiki, na vita vinaanza. Kichwa cha sehemu hiyo kinamtaja Pullo waziwazi kuwa ndiye aliyeiangusha Jamhuri.

Sasa tazameni kilichotokea. Desemba mwaka 50 K.K., tribuni Curio alipendekeza Caesar na hasimu wake Pompey wote wawili waweke silaha chini. Maseneta 370 walikubali, 22 walikataa. Konsuli Marcellus akavunja kikao, akaenda kumkabidhi Pompey upanga na kumwamuru aongoze majeshi. Mwezi uliofuata matribuni Antony na Quintus Cassius walipiga kura ya turufu kweli, wala hakuna ajali iliyowazuia. Kura yao ilipuuzwa. Tarehe 7 Januari Seneti ikapitisha azimio la hali ya hatari, matribuni wakakimbilia kwa Caesar, naye akavuka mto Rubicon na lejioni moja, ya 13. Watu 22 waliwashinda 370 kwa sababu upande wao ulikuwa na askari. Hapo ndipo penye jibu la swali la madaraka, na tamthilia imelifuta, ikaweka bahati mbaya ya mtaani. Anayesema huo ni ukweli wa siasa za Warumi hajaisoma siasa yenyewe.

Hoja ya tatu inasema tamthilia imewarudishia wanawake nafasi yao. Atia na Servilia wanapanga njama, wanatesa, wanalipiza kisasi. Lakini Atia wa kweli, ambaye Tacitus anamsifu kwa malezi ya mwanawe, alifariki mwaka 43 K.K.; wa tamthilia bado yu hai baada ya Antony na Cleopatra kufa mwaka 30. Servilia anajiua mlangoni kwa Atia, na katika historia hakuna tukio hilo. Tuseme ni uhuru wa msanii. Je, Fulvia yuko wapi? Huyu alikuwa mke wa Antony, na mwaka 41 na 40 K.K., pamoja na shemeji yake Lucius, alisimama dhidi ya Octavian, mwana wa Atia, katika vita vya Perusia, vita vilivyozuka baada ya mashamba ya miji 18 kutengwa kwa ajili ya askari wastaafu. Risasi za kombeo zilizofukuliwa huko zina jina lake, limeandikwa pamoja na matusi ya maadui. Mwanamke aliyeogopwa kiasi hicho hatokei hata mara moja katika sehemu zote 22. Aliyeingia siasa za ardhi na majeshi kaondolewa, wakabaki wanaopigania wapenzi. Haiwezekani kumfuta Fulvia kisha kudai umewapa wanawake haki yao.

Ukiwabana hivyo wanakimbilia kwa Shakespeare. Naye alibadilisha historia, wanasema, na Mwalimu Nyerere alimtafsiri bila mtu kulalamika. Ni kweli alibadilisha: aliunganisha shangwe za ushindi za Oktoba 45 na sikukuu ya Februari 44 zikawa siku moja. Lakini alifupisha muda akaacha hoja zisimame. Waliosoma Juliasi Kaizari, tafsiri hiyo ya Nyerere, wanajua kwamba Brutus na Antony wanasimama mbele ya umati kwenye mazishi ya Caesar, kila mmoja anajenga hoja, na umati unageuka mbele ya macho yetu. Rome ilipofika kwenye mazishi hayohayo iliziruka hotuba. Tunasimuliwa baadaye na mtu wa mtaani. Aliyefupisha siku na aliyeondoa mjadala hawafanani.

Angalieni pia wanavyojipinga. Wakiisifu, wanaiita historia. Likitajwa kosa, wanasema ni mchezo tu. Nawataka wachague. Kama ni historia, waeleze zile kura 370 zimekwenda wapi. Kama ni mchezo, waache kupendekeza ifundishwe darasani.