Anakoroma, halafu ananyamaza

Mama, ninaanza na wewe, kwa sababu mume wako mwenyewe hawezi kunijibu. Usiku anakoroma sana? Halafu pumzi inanyamaza, kifua kinahangaika, na ghafula anashtuka kama mtu aliyetoka chini ya maji?

Siku moja nilimkemea baba mmoja mbele ya kanisa juu ya kusinzia. Nyuma ya ibada bibi yake akanieleza mambo ya usiku wao. Nilipata haya. Yule baba ni shofere wa kamyo kubwa.

Wengine watasema ni wachawi wanamkaba shingo. Hapana. Nyama za koo zinalegea, njia ya pumzi inajifunga, ubongo unamwamsha kidogo apumue. Asubuhi hakumbuki kitu. Amelala masaa nane, na ni kama hakulala. Lakini kazi ya usiku nayo inaleta usingizi mchana. Sasa tutajua namna gani?

Wanganga wana kipimo cha usingizi. Mtu analala usiku mmoja hospitalini, nyuzi ndogo zimebandikwa kichwani, karibu na macho na kwenye kidevu. Mikanda inazunguka kifua na tumbo, kuna kitu cha kupima hewa puani, na kingine kinabana kidole pasipo kuumiza, kupima oksijeni ya damu. (Vijana, hawasomi ndoto zenu!) Nyuzi za kichwa zinaonyesha kama amelala kweli, maana mtu anaweza kufumba macho tu. Kisha wanahesabu kila mara pumzi ilipokatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi. Kwa mtu mzima, mara 5 kwa saa moja si jambo la kuacha. Kuanzia 30 ni ugonjwa mkali. Pengine watakuta pumzi ni nzuri, kumbe ni miguu inayorukaruka usiku kucha. Dawa yake ni nyingine kabisa.

Kwa pumzi kuna msaada: mwaka 1981, huko Australia, munganga Colin Sullivan na wenzake walionyesha kwamba hewa inayosukumwa puani inaweza kuacha koo wazi.

Kama kipimo kiko mbali, usingoje. Mama, usiku huu shika saa. Andika pumzi inanyamaza mara ngapi, na kwa sekunde ngapi. Peleka karatasi ile kwa munganga pamoja na baba, na usisahau kumwambia kama anaendesha kamyo.