Jalada la Mtoto wa Kulea

Mtoto kulelewa na asiyemzaa si jambo geni kwetu sisi watu wa Visiwani. Nyumba nyingi za Unguja na Pemba zimekuza watoto wa ndugu na wa jirani, na mtoto akakua akijua kwao ni wapi na alikolelewa ni wapi. Nasaba haikufichwa. Dini inakataza kuifuta, na isitoshe, katika kisiwa kidogo asiyewajua nduguze yumkini akaja kuposa dada yake mwenyewe. Yote hayo yalijulikana bila ya jalada wala muhuri.

Malezi yanapopitia mahakamani mambo hubadilika. Katika nchi nyingi, amri ya kuasili mtoto ikishatolewa karatasi zake hufungwa, na aliyemlea mtoto huyo tangu uchanga anaweza kujikuta hana jibu mbele ya daktari anayemuuliza iwapo maradhi fulani yako katika ukoo. Leo tunalitazama jambo hili kwa mfano wa visiwa vilivyo mbali nasi, vya Hawaii, jimbo la Marekani lililo katikati ya Bahari ya Pasifiki. Tumeichagua Hawaii kwa kuwa wenyeji wake wana mila ya malezi inayokaribiana na yetu, na kwa kuwa mwaka 2016 sheria yao ya siri ilibadilishwa kwa namna inayostahili kujadiliwa na wakubwa wetu.

Mila hiyo huitwa hanai. Mtoto hukabidhiwa kwa walezi, mara nyingi jamaa, na nasaba yake hubaki wazi kwa kila mtu. Malkia Liliʻuokalani, aliyezaliwa mwaka 1838 na kutawala kuanzia 1891 hadi alipopinduliwa mwaka 1893, alilelewa hivyo na Abner Paki na mkewe Konia. Hapakuwa na mtu aliyesahau kwamba ni mtoto wa Kapaʻakea na Keohokalole, na ni kwa nasaba hiyo alimrithi kaka yake, Mfalme Kalakaua.

Sheria ya kuasili ilikuja na desturi nyingine. Mtoto hupewa cheti kipya cha kuzaliwa, na cheti cha awali hutiwa lakiri pamoja na nakala ya amri ya mahakama. Nia haikuwa mbaya: mtoto asitukanwe kwa asili yake, na mama aliyemtoa asifuatwe na aibu. Lakini huko Hawaii kufuli hiyo iligusa hata ardhi. Sheria ya Makazi ya Wenyeji ya mwaka 1920 ilitenga takriban eka 200,000, na mwenyeji hukodishwa kiwanja kwa miaka 99 kwa dola moja kwa mwaka, mradi athibitishe kuwa damu yake ya Kihawaii si chini ya nusu. Mtoto aliyeasiliwa atathibitishaje, ilhali majina ya waliomzaa yamo ndani ya bahasha iliyofungwa?

Basi mzazi wa kuasili afanyeje? Jibu limo katika sura ya 578, kifungu cha 15, cha sheria za jimbo hilo. Mtoto akishatimiza miaka 18, mzazi aliyemwasili, sawa na mtoto mwenyewe, anaweza kupeleka ombi la maandishi kwenye mahakama ya familia na kuruhusiwa kulikagua jalada. Kabla ya umri huo ana njia mbili. Anaweza kuomba habari za asili ya kikabila ya mtoto na habari za afya zilizo za lazima. Au anaweza kuomba amri ya mahakama kwa kuonyesha sababu ya kutosha. Ombi linafaa liende kwenye mkoa wa mahakama ulikotolewa uamuzi: Oahu ni wa Kwanza, Maui wa Pili, kisiwa kikubwa cha Hawaii wa Tatu, na Kauai wa Tano. (Wa Nne asiutafute mtu, ulikwisha kuunganishwa na wa Tatu.) Ni busara barua itaje jina la mtoto baada ya kuasiliwa, tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi waliomwasili, na mwaka wa amri.

Kabla ya 2016 mzazi aliyezaa aliweza kuweka kiapo mahakamani kutaka siri iendelee. Pingamizi hiyo sasa imeondolewa. Wapo watakaosema kwamba akina mama walioahidiwa siri wamevunjiwa ahadi, na hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Sisi tunaona kwamba uzito umewekwa mahali pake: mama alifanya uamuzi wake akiwa mtu mzima, na mtoto hakuulizwa.

Hata hivyo sheria hiyo ina upungufu. Maneno "za lazima" na "sababu ya kutosha" hupimwa na jaji, na mzazi mwenye mtoto mgonjwa anaweza kushindwa kueleza kwa lugha ya mahakama kile anachokihofia. Aidha, jalada huonyesha yaliyojulikana siku lilipofungwa. Mama wa miaka 20 huandika kwamba ni mzima. Akipata kisukari akiwa na miaka 45, bahasha haina habari. Na yule wa hanai ambaye hakupelekwa mahakamani hana jalada la kufungua. Kumbukumbu yake ni wazee, na wazee wakifa imekwisha.

Turudi kwetu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake kadiri iwezekanavyo, na katika ibara ya 20 unaitaja kafala ya Kiislamu miongoni mwa njia za malezi. Hapa Zanzibar tunayo Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011. Tunalowaomba wahusika wa mahakama, wa ustawi wa jamii na wa usajili wa vizazi ni kwamba mlezi asilazimike kuzunguka baina ya ofisi tatu akiulizwa katumwa na nani. Habari za afya za wazazi ziandikwe siku ya kukabidhiwa mtoto, apewe mlezi nakala yake mkononi, na iwepo njia ya mzazi aliyezaa kuongeza habari baadaye bila ya kutajwa jina. Siri dhidi ya majirani na wadaku ibaki ilivyo.

Kwa yale yanayohitaji kibali cha jaji, utolewe waraka wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, unaoeleza barua iandikwe kwa nani, iambatanishwe na nini, na jibu lingojwe siku ngapi. Waraka huo ubandikwe katika kila mahakama ya wilaya, Unguja na Pemba, na kwa masheha pia, maana mlezi wa Micheweni au Makunduchi huanza kwa sheha wake kabla ya kupanda gari kwenda mjini.