Kaye ya mutafiti asiye na diploma isomwe!

Ndugu vijana wa Bunia, wa Mudzipela, Lumumba, Nyakasanza na kwengine, leo tunasema juu ya wenzetu wenye kupima, kuhesabu na kuandika mambo bila inivasite kuwatambua.

Tunawajua. Kuko mwenye kuandika kila asubui mvua imeanguka kiasi gani. Kuko mwenye kuchunguza nyuki, na mwenye kufungua betri za zamani ili ajue juu ya nini hazishike tena kuran. Wananunua mega kwa feza zao wenyewe. Wakieleza kazi yao, watu wanauliza: « Ile inakulipa ngapi? Uko profesa wa wapi? » Kisha miezi kidogo wanaacha. Akili iko, hamu ilikuwa, lakini hakuna hata mutu mumoja aliyesoma kaye yao na kusema: hapa ni sawa, hapa upime tena.

Siye tunaona ile ni hasara ya muji muzima.

Tuangalie Tanzania. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alikuwa anatengeneza ayiskrimu na wenzake. Aliweka maziwa yake ya moto ndani ya friji, na yakaganda mbele ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Wenzake walimuchekelea. Yeye hakuacha swali lake. Akiwa shule ingine, alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa inivasite ya Dar es Salaam aliyekuja kutembelea. Osborne hakumusifu: alirudi, akaomba jambo lijaribiwe. Mwaka 1969 wakatangaza kazi pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana juu yake, na jambo lile linabeba jina la Mpemba. Alihitaji mutu wa kujaribu, na alimupata.

Na hapa kwetu? Mwaka 1901, kule London, wanasayansi walitangaza munyama « mupya », okapi. Jina lake la sayansi, Okapia johnstoni, linafuata Harry Johnston, mukubwa Muingereza aliyekuwa Uganda. Lakini Wambuti wa pori ya Ituri walikuwa wanamujua munyama yule tangu zamani. Jina lile la sayansi halikubeba jina lao. Tusikubali ijirudie.

Njo maana tunaambia kila mwenye kuchunguza: usingojee diploma ili uanze, lakini fanya kazi ambayo mwingine anaweza kuhakikisha. Kopo yenye kusimama wima na rula vinatosha kupima mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya metre kare 1 ni litre 1 ya maji. Andika tarehe, saa, fasi na kipimo, kila asubui saa ile ile, hata siku mvua haikunyesha. Kama mwenzako wa Bankoko anafanya vile vile, mutalinganisha. Tofauti ikitokea, mutatafuta sababu. Hapo hauko tena peke yako.

Useme pia mupaka ya kipimo chako. Zebaki ya wachimbaji wa zahabu haionekane kwa macho ndani ya muto. Kaye yako inaweza kuonyesha siku na fasi maji ilibadilika rangi. Kama kuko sumu, laboratware njo itasema.

Kwa hiyo tunaomba:

1. Inivasite na instituti za Bunia zifungue mulango siku moja kila mwezi, ili kijana asiye mwanafunzi alete kaye yake, isomwe na ikosolewe bila kulipa.

2. Wakubwa wa muji wasimuone kila kijana mwenye kupima muto kuwa mutu wa mashaka. Chini ya utawala wa kijeshi ulioanza mwezi wa 5 mwaka 2021, woga unaeleweka. Lakini rula na kopo si silaha.

3. Shirika ao mutafiti akitumia vipimo vya kijana, aandike jina lake.

Na siye vijana tuanze kwetu. Mwenzako akikuonyesha kaye yake, usimuulize inalipa ngapi. Muulize: umepima namna gani? Kisha mupime tena pamoja.