Ukiacha kitu chako gaji, bado ni chako



Juma hili tunajibu swali ambalo limerudi mara nyingi katika mikutano, upande wa Rubenga na upande wa Ntambuka pia: «Nikimwachia mtu kitu changu ili anikopeshe feza, na siku ya kulipa ikapita, je, kile kitu kinakuwa chake?» Jibu fupi ni hapana. Jibu refu linafuata, na tunaomba lisomwe kwa sauti katika kikundi, maana wengi wanaoumizwa na jambo hili ni wale wasiojua kusoma.

Gaji si kuuza

Sote tunajua namna mambo yanavyokwenda. Mwezi wa 9 masomo yanafunguliwa na mtoto anarudishwa nyumbani kwa ajili ya feza. Ama mgonjwa lazima avuke ziwa kwenda hospitali Bukavu, na kahawa bado iko mbichi shambani. Ndipo mama anachukua simu, plake ya jua, mashini ya kushona ama vitenge vyake vizuri, anavipeleka kwa mwenye feza. Hakuna karatasi inayoandikwa. Hakuna shahidi. Wanapatana kwa mdomo, na mara nyingi kwa faida ile ya Banque Lambert, jina tunalotumia ingawa hakuna banki yoyote ndani yake: unapewa 100.000, mwisho wa mwezi unarudisha 150.000.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Mama anachelewa siku nne tu, anafika na feza mkononi, anaambiwa: «Niliisha kuuza.» Tuseme mashini ilikuwa na bei ya dola 120, na deni lilikuwa dola 30. Mama amepoteza mashini na kazi yake pia, na anafikiri ni haki kwa sababu yeye ndiye aliyechelewa.

Si haki. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 nchi yetu inafuata sheria za OHADA, umoja wa nchi za Afrika kwa mambo ya sheria za biashara. Sheria ya OHADA juu ya dhamana, ile ya tarehe 15 Desemba 2010, inaeleza mambo manne ambayo kila mama anaweza kuyashika kichwani.

La kwanza: gaji lazima iandikwe. Karatasi ionyeshe deni ni la kiasi gani, kitu kilichoachwa ni nini, ni cha aina gani na ni vingapi. Bila maandiko gaji haina nguvu. Deni linabaki, ndiyo, lakini yule mtu hana haki ya kushikilia kitu chako kama gaji.

La pili: anayetunza kitu hawezi kukitumia, isipokuwa mmepatana hivyo. Akiwasha taa kwa plake yako ama akimpa mtoto wake simu yako atembee nayo, amevuka mpaka. Pia lazima akitunze vizuri.

La tatu: siku ya kulipa ikipita, hawezi kujichukulia kitu ama kukiuza kimyakimya. Anapaswa kupitia njia ya sheria ili kiuzwe, ama kuomba mahakama impe kile kitu baada ya bei yake kupimwa. Wafanyabiashara wanaodaiana kwa ajili ya kazi zao wanaweza kupatana tangu mwanzo kwamba kitu kitabaki kwa mkopeshaji. Mama aliyekopa kwa ajili ya shule ama hospitali hayumo katika hesabu hiyo.

La nne: bei ya kitu ikipita deni, kinachozidi ni cha mwenye kitu. Katika mfano wetu wa mashini, ukiondoa dola 30 za deni, pamoja na faida ya haki na gharama za kukiuza, kinachobaki ni cha mama.

Sheria ya adhabu inasema nini

Sheria ya adhabu ya Congo, ya tarehe 30 Januari 1940, inamgusa pia mkopeshaji. Mtu aliyepewa kitu ili akirudishe, kisha akakiuza ama akakila kwa hila, anaweza kufungwa mpaka miaka 5. Sheria hiyo inakataza tena kutumia shida ama ujinga wa mtu ili kumtoza faida isiyo ya kawaida. Na kwa yule aliyefanya kukopesha kuwa biashara yake, kuna sheria namba 11/020 ya tarehe 15 Septemba 2011 juu ya mikopo midogo: anapaswa kuwa na ruhusa ya Banki Kuu ya Congo. Unaweza kumwuliza kwa heshima: «Papa, ruhusa yako iko wapi?»

Je, mkopeshaji anaweza kukupeleka kwenye kachot kwa sababu ya deni? Kushindwa kulipa deni si kosa la kufungwa. Mkataba wa mataifa juu ya haki za raia, ambao nchi yetu iliukubali, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu hakuweza kutimiza mapatano. Na kwa kosa lolote, Katiba ya 2006 inasema, katika kifungu cha 18, kwamba polisi hawawezi kumshika mtu zaidi ya saa 48 bila kumpeleka mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Kazi ya polisi si kukusanya madeni ya watu.

Neno moja juu ya nyumbani. Sheria ya jamaa iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ile ruhusa ya mume ambayo mke alilazimika kuitafuta. Siku hizi mume na mke wanapaswa kupatana. Kwa hiyo mama asiache plake ya nyumba gaji kwa siri, na baba naye asiondoke na mbuzi wa nyumba usiku.

Unaponunua kitu cha okazio

Vitu vilivyouzwa kimyakimya vinakwenda wapi? Vinapanda mtumbwi ama boti, na vingine vinafika Kadutu. Huko mama mwingine, asiyejua kitu, ananunua simu ya okazio kwa bei nzuri. Mwezi unaofuata mwenye simu anaitambua.

Sheria ileile ya adhabu inamfunga mpaka miaka 5 mtu anayepokea ama kuficha kitu akijua kimetokana na wizi ama hila. Asiyejua hana kosa, lakini lazima aweze kuonyesha kwamba alinunua mbele ya macho ya watu. Fanya hivi. Omba kuona kadi ya uchaguzi ya mwuzaji, andika jina lake, tarehe na bei. Kwa simu, bonyeza *#06#: namba ya tarakimu 15 itatokea. Iandike, maana kila simu ina yake. Awepo shahidi mmoja. Na kama bei ni ndogo mno kuliko ya soko, jiulize kwa nini mwuzaji ana haraka.

Na wewe mwenye simu, andika namba hiyo leo katika daftari ya nyumbani, kabla simu haijapotea.

Kwingine wanafanyaje?

Kule Bruxelles, mji mkubwa wa Ubelgiji, kuna nyumba ya rehani ya watu wote tangu mwaka 1618, na mpaka leo inafanya kazi. Kitu kinapimwa bei, mwenyewe anapewa karatasi, kinatunzwa. Asipolipa, kinauzwa mbele ya watu, na kinachozidi deni kinarudi kwake. Wabelgiji walitutawala miaka mingi, lakini nyumba kama hiyo hawakuileta kisiwani kwetu.

Uganda, mwaka 2016, walitunga sheria moja juu ya mikopo midogo na wakopeshaji wa feza, na kila mkopeshaji anatakiwa kuwa na leseni. Kenya walitunga sheria juu ya wauza vyuma chakavu mwaka 2015, inayowataka waandike wamenunua nini na kwa nani. Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuanguka na nchi kukaa gizani, serikali ya Kenya ilisimamisha biashara hiyo yote kwa muda, na hata wale waliokuwa wanafuata sheria walikosa kazi.

Ukitazama, dawa ni ileile kila mahali: daftari, karatasi mkononi mwa mwenye kitu, muda unaojulikana, na kuuza mbele ya watu.

Leta isaidie bila kutukamua

Mama mmoja atasema: basi Leta iwaandikishe wakopeshaji na wauza okazio wote. Ni sawa, lakini tukumbuke RAM. Mwaka 2020 tuliambiwa simu zote zitaandikishwa ili simu za wizi na za bandia zikomeshwe. Shabaha ilikuwa nzuri. Kisha uniti zikaanza kukatwa: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu za intaneti. Watu walipiga kelele nchi nzima, na mwanzoni mwa mwaka 2022 malipo hayo yakaondolewa. Daftari ya kulinda mali ya watu iligeuka kuwa njia ya kuchota feza zao.

Kwa hiyo, tukienda Bugarula kuzungumza na wakubwa wa teritware, tuombe mambo mawili kwa wakati mmoja. Wakopeshaji wajulikane na watoe karatasi. Na kusiwe na malipo mapya juu ya mama anayeuza vikombe na nguo za mitumba chini ya mwavuli. Yeyote anayedai feza kwa jina la Leta atoe risiti. Asiyetoa risiti asipewe kitu.

Na sisi wenyewe?

Hapa tuseme bila kuficha. Katika MUSO na AVEC zetu, mwanamemba akishindwa kulipa, mara nyingine wenzake wanakwenda nyumbani kwake na kubeba sufuria na magodoro. Hakuna karatasi, hakuna kupima bei, na watoto wanatazama. Yale tunayomlaumu mkopeshaji tunayafanya sisi, tena kwa dada yetu. Dawa ya deni ni kulipa, hilo tunalikubali, na kikundi kisichorudishiwa feza kinakufa. Lakini mama asiye na sufuria hatalipa haraka kuliko mwenye nayo.

Tunaomba kila kikundi kizungumze mambo matatu kabla ya mkutano ujao:

1. Vitu gani havitaguswa kamwe? Sisi tunapendekeza sufuria za kupikia, kitanda cha watoto, jembe, na chombo cha kazi ambacho mama anapatia feza.
2. Mama aliyechelewa ataongezewa siku ngapi kabla ya jambo lolote?
3. Nani atatunza daftari ya gaji, na nani atamchunguza?

Na hii ndiyo karatasi ya kunakili. Iandikwe mara mbili, moja kwa kila upande, isomwe kwa sauti, na asiyejua kuandika atie kidole:

«Leo tarehe ……, mimi …… nimekopa kwa …… franka ……. Nitarudisha franka …… tarehe ……. Nimemwachia gaji kitu hiki: …… (aina, rangi, namba), ambacho sisi wawili tumekipima bei ya ……. Hatakitumia wala kukiuza bila kufuata sheria. Kikiuzwa, kinachozidi deni ni changu. Mashahidi: …… na …….»

Mkopeshaji akikataa kutia sahihi maneno hayo, amekwisha kukuonyesha anataka nini. Chukua kitu chako, rudi nacho nyumbani.

Hadi juma lijalo.