SINDANO YA KICHOMI: TUSIAMBIWE "NGOJA" BILA SABABU

Ndugu wafanya kazi,

Nawaandikia juu ya jambo lililonipata mimi mwenyewe, nami najua limewapata wengi wenu ambao hamkusema neno.

Mwaka uliopita nilishikwa na mafua makali. Sikulala nyumbani, niliendelea na kazi, maana nilikuwa nimekwisha kula siku zangu za ugonjwa za mshahara kamili. Siku ya tano mafua yakashuka kifuani yakawa kichomi, yaani homa ya mapafu. Nikalazwa siku sita. Nilipotoka, daktari akaniandikia mapumziko, nikapanda basi kwenda kwetu Garsen, kwa kuwa chumba changu cha Mombasa twalala watu wanne na dirisha ni moja.

Nikiwa kule Garsen nanyweshwa uji na mama, huku nyuma waganga waliletwa kazini siku moja tu, tangu saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana. Waliokuwapo wakachomwa sindano ya mafua. Niliporudi nikamwendea karani. Akanijibu bila kuinua macho: "Siku imepita. Tena wewe umetoka kuugua, huwezi kuchomwa mpaka mwaka uishe." Mzee mmoja wa gangi yetu, fundi wa kuunga reli kwa moto, mwenye ugonjwa wa sukari, alikuwapo siku ile ile ya sindano. Naye alirudishwa, eti ana kikohozi. Hakuwa na homa, na nyundo alikuwa nayo mkononi.

Mimi nilinyamaza, naye alinyamaza. Baada ya miezi mitatu kichomi kilimshika, na juma la pili tukamzika. Sisemi kwamba sindano ingemwokoa. Mungu ndiye ajuaye. Nasema alinyimwa kwa sababu isiyo ya kweli, na hilo ndilo shtaka langu.

Ndugu, nilisoma shule ya misheni, darasa chache tu, lakini nakumbuka habari za yule mgonjwa wa birika la Bethzatha. Alikaa na ugonjwa wake miaka 38, na kila maji yalipotibuliwa mwingine alishuka mbele yake. Aliyekuwa mgonjwa zaidi ndiye aliyekosa. Sindano ya siku moja kazini ni birika lile lile. Mzima huipata, na aliyelala kitandani huambiwa siku imepita.

Basi na tuseme kweli ilivyo, kila mtu aijue, asidanganywe na karani wala na jirani.

Mafua madogo au kikohozi bila homa si sababu ya kurudishwa. Mwenye homa kali, au anayeugua kichomi sasa hivi, huyo ndiye angoje mpaka homa imtoke na mwili upate nafuu. Anangoja kwa sababu homa ikizidi baada ya sindano, daktari hataweza kujua kama imetoka kwa ugonjwa au kwa sindano. Akishapona anachomwa. Hahesabiwi mwaka, wala miezi sita. Hata aliyelazwa aweza kuchomwa siku ile anapotoka hospitali, kama daktari ameona hali yake ni njema. Na mwenye kumeza dawa za kuua vijidudu hazuiliwi na dawa hizo.

Wengine husema, "Mimi nimekwisha ugua kichomi, sina haja ya sindano." Hili ni kosa kubwa. Kijidudu kiletacho kichomi mara nyingi, jina lake nimokoka, kina aina zaidi ya 90. Ukiugua kwa aina moja, nyingine zakungoja. Tena aliyeugua mara moja ndiye wa kujilinda zaidi, si wa kusahauliwa.

Mafua nayo hubadilika, ndiyo maana sindano yake hurudiwa kila mwaka, nayo huchukua kama majuma mawili kabla ya kukinga. Sindano ya nimokoka hairudiwi kila mwaka. Zipo za namna mbalimbali, na daktari huhesabu kwa umri wako na kwa ile uliyopata zamani. Kwa hiyo tunza kadi yako kama unavyotunza kitambulisho. Zote mbili zaweza kuchomwa siku moja, moja mkono huu na nyingine mkono ule. Aliyewahi kudhuriwa vibaya na sindano ya namna hiyo, au anayetibiwa kwa dawa za kupunguza nguvu za mwili, kama wenye saratani, na amwulize daktari kwanza.

Wala asituambie mtu kwamba msimu umepita. Ulaya wana majira yao ya baridi. Kwetu Kenya mafua huzunguka mwaka mzima, na aliyekosa mwezi wa nne hana sababu ya kukaa bila sindano mpaka mwezi wa nne mwingine.

Tena hili ni neno la watu wa reli kuliko wengine. Mwaka 1918 ile homa ya mafua iliyoua mamilioni ya watu duniani iliingia kwa meli Mombasa mwezi wa Septemba, ikapanda na reli mpaka bara. Reli ndiyo iliyoibeba. Leo pia sisi ndio tunaokutana na kila msafiri, na sisi ndio tunaovuta moshi wa chuma kinachoungwa. Uingereza, kitabu cha serikali cha mambo ya chanjo kimewataja waunga vyuma kwa kazi yao, kwamba yafaa wafikiriwe kupewa sindano ya nimokoka, kwa kuwa moshi ule hufungulia kichomi mlango. Kama mapafu ya fundi wa kule yanahesabiwa, je, ya fundi wa Makupa ni ya mbao?

Na tusiseme sindano hii haijulikani kwetu. Tangu mwaka 2011 watoto wachanga wa Kenya huchomwa ya nimokoka bure, wakiwa na majuma 6, 10 na 14. Kilifi, jirani zetu kabisa, wataalamu walihesabu wakaona kwamba ugonjwa mkali wa aina zilizomo katika sindano hiyo umepungua kwa watoto wa chini ya miaka mitano kwa 92 katika kila 100. Twashukuru kwa ajili ya watoto wetu. Lakini baba yao, anayewalisha, kwa kawaida aitafute mwenyewe na kuilipia mwenyewe.

Kwetu Garsen ni taabu juu ya taabu. Mtu mzima akitaka sindano hizi ataambiwa aende Malindi, zaidi ya kilomita 100. Mto Tana ukifurika, kama ulivyofurika mwishoni mwa 2023 na tena 2024, watu hukimbilia kambini, hulala wengi katika hema moja juu ya ardhi mbichi, na barabara ya Lamu hufunikwa na maji pale Lango la Simba. Ndipo vifua vinapougua zaidi, na ndipo njia ya kwenda kwa daktari inapofungwa.

Sasa tutazame sheria. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 30, yampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara, katika miezi 12. Kichomi hakisomi sheria. Mtu ana homa siku ya kumi na tano, watoto wanataka chakula, anarudi kazini akikohoa, anaambukiza gangi nzima. Tajiri anadhani ameokoa mshahara wa mmoja, kumbe amepoteza kazi ya kumi. Lakini jueni, ndugu: siku hizo ni kiwango cha chini kabisa. Hakuna sheria inayokataza Chama kupatana zaidi.

Nasi pia tujilaumu. Kuna wenzetu waliokimbilia chooni siku ya sindano wakisema italeta mafua. Sindano ya mafua haina kijidudu kilicho hai, haiwezi kuleta mafua. Mkono utauma, labda na joto kidogo la siku moja au mbili, basi. Mtu hawezi kudai haki kwa mdomo na kuikimbia kwa miguu.

Kwa hiyo naomba Chama kipeleke madai haya mbele ya mabwana:

1. Siku ya sindano isiwe moja. Iwepo ya pili, baada ya majuma machache, kwa waliokuwa wagonjwa, likizoni au safarini.

2. Karani asimrudishe mtu. Aamue mganga, naye aandike sababu na siku ya kurudi.

3. Mafundi wa kuunga vyuma, wenye sukari, pumu, ugonjwa wa moyo au selimundu, wenye virusi vya ukimwi, na waliowahi kuugua kichomi, wapewe pia sindano ya nimokoka kwa gharama ya kazi. Ugonjwa wa mtu uwe siri yake na mganga.

4. Siku za ugonjwa ziongezwe katika mapatano yajayo.

5. Aliye likizoni kwao mbali, kama Garsen au Hola, arudishiwe nauli na gharama akichomwa huko aliko.

Wazee wetu wa reli na bandari waliogoma Mombasa Januari 1947 hawakungoja mtu awaambie kwamba siku imepita. Mkutano ujao wa tawi, kila mmoja aje na kadi yake ya sindano, na asiye nayo aje aseme nani alimrudisha na kwa neno gani. Tuandike majina yetu, tupeleke kwa pamoja. Mimi nilinyamaza mara moja, na mwenzangu yuko kaburini. Sitanyamaza tena.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanya kazi wa gangi ya reli, mwenyeji wa Garsen