TAHARIRI: Mashabiki, soda kila mechi ni kujifunga wenyewe

Kiungo akimaliza dakika 90 za mechi ya ushindani anakuwa amekimbia kati ya kilomita 10 na 12. Shabiki aliyekuwa akimtazama, awe jukwaani kwa Mkapa au kwenye kibanda umiza, amekaa saa mbili. Kelele amepiga, presha imepanda na kushuka, lakini miguu haijaenda popote. Ajabu ni kwamba kati ya hao wawili, anayeondoka akiwa amemaliza chupa mbili za soda ni huyu wa pili.

Tunalisema hili kwa sababu soda imeingia kwenye soka letu mpaka hatuioni tena. Mechi za mtaani watu wanawekeana kreti, aliyefungwa ananunua. Watoto wa chini ya miaka 12 wakishinda, kocha anawapongeza kwa soda kila mmoja. Huko juu nako, Coca-Cola ni mdhamini rasmi wa Kombe la Dunia tangu 1978. Hatusemi ni dhambi. Soka linahitaji fedha za wadhamini, na soda si sumu. Lakini shabiki anayejua hadi namba ya jezi ya kipa wa tatu anatakiwa ajue pia kilichomo kwenye chupa aliyoishika.

Kilichomo ni hiki. Cola ya kawaida ina karibu gramu 10.6 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 ina kama gramu 32, yaani vijiko vinane vya chai. Hebu mwekee mgeni vijiko vinane kwenye kikombe kimoja cha chai uone kama hatadhani unamfanyia utani. Kwenye soda hatushtuki kwa sababu ubaridi, gesi na ule ukali wake vinaficha utamu.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati anayopata mtu kwa siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50. Likaongeza kuwa ni vizuri zaidi ikishuka chini ya asilimia tano, yaani kama gramu 25. Piga hesabu mwenyewe. Soda moja imeshavuka kile kiwango kizuri. Ya pili imevuka hata kile cha juu, na hapo hujagusa chai ya asubuhi wala maandazi. Anayekunywa soda moja tu kila siku, kwa mwaka anakuwa amemeza karibu kilo 12 za sukari kwenye chupa peke yake.

Mwilini mambo yanakwenda hivi. Sukari ya soda haihitaji kutafunwa, hivyo inafika kwenye damu haraka. Kongosho linatoa insulini ili sukari hiyo iingie kwenye misuli na sehemu nyingine za mwili. Aliyetoka kukimbia, misuli yake ina njaa na inaipokea. Aliyekaa kwenye benchi hana pa kuipeleka yote, na sehemu yake inageuzwa kuwa mafuta. Mbaya zaidi, kinywaji hakishibishi kama chakula. Ukimaliza soda mbili bado utaagiza sahani ileile ya chipsi mayai. Uzito unapanda taratibu, wewe unasema suruali imebana kwa sababu ya kufuliwa.

Uchambuzi uliochapishwa 2010, uliokusanya matokeo ya tafiti kadhaa, ulionyesha kuwa watu wanaokunywa vinywaji vya sukari mara moja hadi mbili kwa siku wana hatari ya kupata kisukari aina ya pili iliyo kubwa kwa asilimia 26 kuliko wale wasiokunywa kabisa au wanaokunywa kwa nadra sana. Si kwamba kila mnywaji ataugua. Ila kisukari kikishakukamata na usipokidhibiti, kinaweza kuharibu macho, figo na mishipa ya miguu. Hii ni mechi ambayo hakuna sababu ya kuianza ukiwa nyuma kwa bao moja.

Kuna na meno. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima wachezaji wa kulipwa 187 kutoka klabu nane za Uingereza. Asilimia 37 walikuwa na meno yaliyooza, na zaidi ya nusu meno yao yalikuwa yamelika. Hao ni watu wenye madaktari wa klabu. Chanzo hakiwezi kuwa soda peke yake, maana hata vile vinywaji vya wanamichezo vina sukari na asidi. Lakini asidi ya soda inalainisha tabaka gumu la juu la jino, na sukari inawalisha bakteria wanaolitoboa. Hata soda isiyo na sukari, asidi yake iko palepale.

Tunajua hoja ya mtaani: soda inarudisha nguvu. Kwa mchezaji aliyemaliza dakika 90, sukari kiasi inasaidia kweli. Lakini ndizi mbili na maji vinafanya kazi hiyohiyo, na mtoto aliyecheza dakika 40 hana deni la vijiko vinane. Soda ina maji mengi, kwa hiyo kiu itapungua. Tatizo ni mzigo unaokuja na hayo maji.

Mashabiki wengi wanakumbuka Juni 14, 2021 mjini Budapest, pale Cristiano Ronaldo alipokaa mbele ya waandishi, akasogeza pembeni chupa mbili za Coca-Cola na kuinua ya maji. Kesho yake Ureno iliifunga Hungary mabao 3-0, yeye akifunga mawili. Tulicheka, tukasambaziana video, tukarudi kuagiza soda. Ronaldo ana uwezo wa kuchagua. Mtoto wa miaka 10 kwenye timu ya mtaa anakunywa alichopewa na kocha, na akishajifunza kwamba zawadi ya ushindi ni soda, atakua na imani hiyo.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza ni kwa makocha wa watoto. Baada ya mechi wapeni maji na machungwa au ndizi. Hawatalalamika zaidi ya wiki mbili.

La pili ni kwa waandaaji wa mabonanza na ndondo. Zawadi isiwe lazima kreti ya soda. Mpira mmoja mzuri au seti ya soksi vitadumu msimu mzima, wakati kreti inakwisha kabla watu hawajavua viatu.

La tatu ni kwa wasimamizi wa viwanja. Hakikisheni maji yanapatikana kila lango na hayauzwi ghali kuliko soda. Tunajiandaa kwa AFCON ya 2027 pamoja na Kenya na Uganda, na hili ni jambo dogo la kuanza nalo sasa. Wenye viwanda nao wanaweza kupunguza sukari. Uingereza ilipoweka kodi ya sukari kwenye soda Aprili 2018, kampuni nyingi zilibadilisha vinywaji vyao kabla kodi haijaanza.

Na wewe shabiki, hatukwambii uache kabisa. Kama wiki ina mechi tano unazofuatilia, chagua moja ya kunywea soda, hata ikiwa ni siku ya dabi. Hizo nne nyingine agiza maji. Timu yako itafunga au itafungwa vilevile, ila tunakuhitaji jukwaani miaka 30 ijayo, ukiwa na meno yako na miguu yote miwili.