Kabla ya kununua kiti, muulize atakayekikalia



Katika sura ya pili ya Injili ya Marko, watu wanne walimbeba mgonjwa aliyepooza hadi alipokuwa Yesu. Walipokuta mlango umejaa watu, hawakumwambia avumilie. Walipanda juu, wakatoboa paa, wakamshusha. Kila nikiisoma habari hiyo naona haya, kwa sababu mimi niliwahi kumbeba mtu nikamwacha njiani.

Miaka michache iliyopita waamini wa parokia yangu walichanga fedha, tukamnunulia mzee mmoja asiyeweza kutembea skuta ya umeme, ile yenye kiti, usukani na magurudumu madogo. Niliibariki mbele ya altare, tukapiga makofi na picha. Baada ya wiki tatu mzee akaacha kuja Misa. Nilipomtembelea, nikaikuta skuta imefunikwa kanga kando ya banda la kuku.

"Baba Paroko, zawadi ni nzuri," akaniambia, "lakini hii ni ya lami. Hapa kwangu ni mchanga mpaka barabarani."

"Mbona hukutuambia, mzee wangu?"

"Hamkuniuliza, Baba."

Neno hilo lilinichoma. Tuliuliza bei, tukauliza rangi, lakini hatukumuuliza yeye. Magurudumu yake yalizama. Betri ilihitaji umeme kila siku, nao nyumbani kwake ulikuwa wa kubahatisha. Mlango wake ulikuwa mwembamba. Kwenye daladala haikupanda, kwani ilihitaji watu watatu kuinyanyua, na kondakta alitaka nauli ya mzigo juu ya nauli ya mwenyewe.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu viti vya magurudumu katika nchi zenye uwezo mdogo. Unataka mhusika apimwe kwanza, kiti kilingane na mwili wake na mahali anapoishi, afundishwe kukitumia, na matengenezo yaendelee baadaye. Kiti kisichomtosha, au kisicho na mto unaofaa, kinaweza kumletea vidonda vya kukaa, na vidonda hivyo huua. Basi tusikimbilie dukani. Tuanze kwa wataalamu wa mazoezi ya viungo na vifaa saidizi katika hospitali zetu.

Na tunapochanga, tusichangie siku ya makabidhiano tu. Betri huchoka, tairi huisha. Jumuiya iweke akiba ya matengenezo, hata kama itabidi kununua kifaa cha bei ya chini. Skuta ile tuliiuza kwa hasara kwa mtu anayeishi kando ya lami. Mzee akachagua mwenyewe baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Ikipata pancha, fundi baiskeli wa mtaani anaiziba.

Je, hadithi imeisha? Hapana. Mzee alifika mlangoni mwa kanisa akakuta ngazi tatu. Vijana wakambeba. Baada ya Misa akaniambia kwa upole kwamba anawashukuru, ila amechoka kuingia nyumbani kwa Baba yake kama gunia.

Ndugu yangu, ngazi tatu za sentimita 15 kila moja ni sentimita 45. Kipimo cha kawaida cha mteremko ni urefu mara 12 ya kimo, yaani mita tano na nusu hivi za zege. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo yanayotumiwa na umma yafikike. Lakini sisi Wakristo tungoje sheria itusukume? Parokia yetu ilikuwa na fedha za kupaka rangi mnara. Halmashauri ilibishana jioni nzima, na wapo walionikasirikia, lakini tulijenga mteremko kwanza. Mnara haujapakwa rangi mpaka leo, na sioni aibu.

Leo ukitoka Misa, hesabu ngazi za kanisa lako. Kisha mtafute yule ambaye hujamwona miezi kadhaa, umuulize kinachomzuia. Usimjibie. Wale wanne wa Injili walitazama kilichomzuia mwenzao, wakakiondoa, na Yesu aliiona imani yao.

Nawatakia Dominika njema.